Kiitaliano kwa Mzungumzaji wa Kiswahili: Mwongozo wa Sarufi ya Mwanzo na Maneno ya Safari na Makazi

Vitabu vingi vya kujifunzia Kiitaliano vinavyotufikia vimeandikwa kwa Kiingereza, na kwa hiyo vinamwonya msomaji juu ya mambo yanayomsumbua Mwingereza. Mzungumzaji wa Kiswahili anayevitegemea hutumia sura nzima kuelezwa kwamba kivumishi hubadilika kuifuata nomino yake, jambo ambalo amelifanya tangu utotoni kila aliposema “kiti kirefu” na “mti mrefu”, kisha haambiwi lolote juu ya saa, ambayo ndiyo itakayomfanya aachwe na treni. Mwongozo huu unakwenda moja kwa moja kutoka Kiswahili hadi Kiitaliano. Umekusudiwa kwa mwanafunzi anayekwenda kusoma, kwa padri au mtawa anayetumwa Roma, kwa anayekwenda kufanya kazi ya kutunza wazee, na hata kwa yule aliyebaki Malindi, Watamu au Kiwengwa ambaye Waitaliano wamemfuata nyumbani kwake.

Hatua ya kwanza: jifunze kusoma kabla ya kusema

Kiitaliano huandikwa kwa kanuni thabiti, karibu kama Kiswahili, na irabu zake tano husomwa kwa namna tunayoijua. Ni kweli kwamba herufi e na o zina matamshi mawili, la wazi na la kufumba kidogo, lakini mgeni hana haja ya kuhangaika nayo mapema, kwa kuwa hata Waitaliano wa mikoa mbalimbali hawakubaliani juu yake. Kikwazo kimo katika herufi c, g na h, ambazo Kiitaliano kimezitumia kinyume kabisa na mazoea yetu.

Herufi c ikifuatwa na a, o au u husomwa k, na ikifuatwa na e au i husomwa kama ch yetu. Hivyo “cena”, yaani chakula cha jioni, husomwa “chena”, na “ciao” husomwa “chao”. Lakini ikiingizwa h katikati, sauti hurudi kuwa k: “chi”, yaani nani, husomwa “ki”; “che”, yaani nini, husomwa “ke”; “chiave”, yaani ufunguo, husomwa “kiave”; na “chiesa”, yaani kanisa, husomwa “kiesa”. Kila unapoona ch katika maandishi ya Kiitaliano, lazimisha macho yako yaone k. Herufi g hufuata mwenendo uleule: “gelato” husomwa “jelato”, lakini “funghi”, yaani uyoga, husomwa “fungi” kwa g ya “gari”.

Mafungu mengine ya herufi ni mepesi zaidi. Gn ni ny yetu, kwa hiyo “bagno”, yaani choo au bafu, ni “banyo”, na “signora” ni “sinyora”. Sc mbele ya e au i ni sh, kwa hiyo “pesce”, yaani samaki, ni “peshe”, na “uscita”, yaani mlango wa kutokea, ni “ushita”. Qu ni kw. Gli hukaribia “lyi”, na sauti yake huja kwa kusikiliza watu kuliko kwa kusoma maelezo. Herufi h peke yake haitamkwi kamwe, kwa hiyo “ho” na “o” husikika karibu sawa masikioni ingawa la kwanza lina maana ya “nina” na la pili lina maana ya “au”.

Hatua ya pili: konsonanti mbili na mahali pa mkazo

Hapa ndipo wengi wetu hujulikana mara moja kuwa wageni. Konsonanti inapoandikwa mara mbili katika Kiitaliano, ni lazima sauti yake ishikwe kwa muda mrefu zaidi, la sivyo maana hubadilika. “Sete” ni kiu na “sette” ni saba. “Nono” ni wa tisa na “nonno” ni babu. “Capello” ni unywele na “cappello” ni kofia. “Pala” ni koleo na “palla” ni mpira. Ukitaja umri wako kwa kusema “ho trent'anni”, yaani nina miaka thelathini, ushike vizuri ile n mbili, kwa sababu n moja itakufanya uwatajie wenyeji wako sehemu ya mwili isiyotajwa mezani. Anayetamka “nne” sawasawa, bila kuigeuza kuwa “ne”, tayari anajua kinachotakiwa. Kilichobaki ni kuizoesha midomo kufanya hivyo kwa t, p, l, c na nyinginezo.

Mkazo nao una hila yake. Katika Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na maneno mengi ya Kiitaliano hufanya hivyohivyo. Yapo hata hivyo yanayokwenda kinyume, kama “tàvolo” (meza), “sàbato” (Jumamosi) na “telèfono”, ambayo mkazo wake huandikwa hapa ili kukusaidia tu, kwa maana katika maandishi ya kawaida haiwekwi alama. Alama huwekwa pale tu mkazo unapoangukia silabi ya mwisho: “città” (mji), “perché” (kwa nini), “lunedì” (Jumatatu). Sisi wenyewe tunajua tofauti ya barabára ipitayo magari na kufanya jambo barábara, kwa hiyo haitushangazi kwamba “àncora” ni nanga na “ancóra” ni bado au tena. Andika neno jipya daftarini pamoja na alama ya mkazo, hata kama kamusi haikuiweka mahali panapoonekana.

Hatua ya tatu: jinsia za nomino

Nomino za Kiitaliano zimegawanyika katika makundi mawili, la kiume na la kike, na kwa mtu aliyelelewa na ngeli za Kiswahili idadi hiyo ni ndogo. Nomino nyingi zinazoishia na o ni za kiume na wingi wake huishia na i. Nyingi zinazoishia na a ni za kike na wingi wake huishia na e. Zinazoishia na e huweza kuwa za upande wowote, na wingi wake huishia na i. Upatanisho unaujua tayari, ila kwao mabadiliko yote hutokea mwishoni mwa neno badala ya mwanzoni:

il libro rosso, i libri rossi – kitabu chekundu, vitabu vyekundu
la casa rossa, le case rosse – nyumba nyekundu
la chiave piccola, le chiavi piccole – ufunguo mdogo, funguo ndogo

Maneno madogo yanayotangulia nomino, il, lo, la, i, gli na le, ni vibainishi, na Kiswahili hakina kitu kinachofanana navyo kikamilifu. Kwa nomino za kiume hutumika “il” kwa kawaida. “Lo” hutumika mbele ya s inayofuatwa na konsonanti nyingine, mbele ya z na mbele ya gn, kama katika “lo studente” na “lo zaino” (mkoba wa mgongoni). Na mbele ya irabu hutumika l', kama katika “l'amico”. Wingi wa “il” ni “i”, na wingi wa hayo mengine mawili ni “gli”. Kwa nomino za kike ni “la”, au l' mbele ya irabu, na wingi wake daima ni “le”. Ushauri wangu ni kutojifunza nomino yoyote bila kibainishi chake, kwa maana ndicho kitakachokukumbusha kwamba “la mano” (mkono) ni ya kike ingawa inaishia na o, na kwamba “il problema” ni ya kiume ingawa inaishia na a. Zipo pia nomino zisizobadilika kabisa katika wingi, hasa zenye mkazo mwishoni: “il caffè, i caffè”, “la città, le città”.

Vimilikishi vinatupendelea. Mwingereza hupata taabu kukubali kwamba “suo” au “sua” huchaguliwa kwa kukitazama kinachomilikiwa na si mwenye mali. Sisi tunaosema “kitabu chake” na “nyumba yake” bila kujali kama mwenyewe ni mwanamume au mwanamke tunasema “il suo libro” na “la sua casa” bila kutoa jasho. La kukumbuka ni kwamba ndugu wa karibu katika umoja hawatanguliwi na kibainishi: “mia madre”, “mio fratello”, lakini “i miei fratelli”.

Taabu yetu iko kwenye “yeye”. Kiitaliano hutenganisha “lui” wa kiume na “lei” wa kike, na mzungumzaji wa Kiswahili aliyechoka huweza kumzungumzia dada yake kwa jinsia ya kaka mpaka wasikilizaji wapoteze habari yenyewe. Kwa bahati njema kiwakilishi cha mtenda huachwa mara nyingi, kama kwetu, kwa hiyo “lavora a Milano” humtosha yeyote anayefanya kazi Milano. Panapolazimu kuchagua ni kwa mtendwa: “lo conosco” ni ninamjua yeye mwanamume, na “la conosco” ni ninamjua yeye mwanamke. Nafasi ya mtendwa huyo, kabla ya kitenzi, haitakusumbua, kwa kuwa ndiyo nafasi ya -m- katika “ninamjua” na ya -ki- katika “ninakichukua”.

Hatua ya nne: vitenzi vinavyotosha kuanzia

Kitenzi cha Kiswahili humtaja mtenda mwanzoni, na cha Kiitaliano humtaja mwishoni. Chukua “parlare”, yaani kusema au kuzungumza, uondoe -are, kisha uweke viambishi hivi:

parlo – ninasema
parli – unasema
parla – anasema
parliamo – tunasema
parlate – mnasema
parlano – wanasema

Vitenzi vya -ere, kama “prendere” (kuchukua), na vya -ire, kama “partire” (kuondoka), hutofautiana na hivyo kidogo tu: “prendo, prendi, prende, prendiamo, prendete, prendono” na “parto, parti, parte, partiamo, partite, partono”. Vingine vya -ire huongeza -isc-, na kimojawapo utakihitaji siku ya kwanza: “capisco”, naelewa. Ukanushi ni mwepesi kuliko wetu. Sisi hubadilisha mwanzo na mwisho wa kitenzi, “ninaelewa” ikawa “sielewi”. Wao huweka “non” mbele na kuacha kila kitu kama kilivyo, “non capisco”. Swali la ndiyo au hapana nalo hutofautishwa na taarifa kwa kiimbo tu, kama kwetu, kwa hiyo usitafute neno la kulianzishia.

Vitenzi viwili visivyofuata kanuni ni lazima vikaririwe mpaka vitoke bila kufikiri. “Essere”, kuwa: sono, sei, è, siamo, siete, sono. “Avere”, kuwa na: ho, hai, ha, abbiamo, avete, hanno. Cha pili hutumika mahali pengi ambapo sisi pia tungesema “nina”: “ho fame” ni nina njaa, “ho sete” nina kiu, “ho sonno” nina usingizi, “ho fretta” nina haraka, “ho paura” nina hofu. Tafsiri hapo neno kwa neno bila woga, kwa sababu itakuwa sahihi.

Baada ya hivyo, jifunze “vorrei” (ningependa), “posso” (naweza) na “devo” (sina budi). Kila kimoja hufuatwa na kitenzi kisichonyambuliwa, sawa na “ku-” yetu: “vorrei partire domani”, ningependa kuondoka kesho, “posso pagare con la carta?”, naweza kulipa kwa kadi?; “devo cambiare treno?”, inanibidi nibadilishe treni? Kwa vitenzi hivi vitatu mtu huweza kuishi majuma kadhaa bila kujulikana kwamba hajafika sura ya nne ya kitabu chake. Ongeza “c'è” kwa umoja na “ci sono” kwa wingi, ambavyo ni “kuna” yetu, na “mi piace”, ambayo ni sawa kabisa na “inanipendeza”: “mi piace questa stanza”, chumba hiki kinanipendeza, “mi piacciono queste scarpe”, viatu hivi vinanipendeza.

Kwa wakati uliopita, utahitaji umbo moja tu mwanzoni. Huundwa kwa “avere” na kitenzi kilichogeuzwa mwisho kuwa -ato, -uto au -ito: “ho prenotato una camera”, nimeweka nafasi ya chumba. Vitenzi vingi vya kwenda, kufika na kuondoka hutumia “essere” badala yake, na hapo mwisho wa neno hupatana na mtenda: mwanamume husema “sono arrivato”, mwanamke “sono arrivata”, na kundi lenye mwanamume hata mmoja “siamo arrivati”. Sentensi moja ikaririwe kama ilivyo, ukiomba isihitajike: “ho perso il passaporto”, nimepoteza pasipoti.

Hatua ya tano: adabu ya kuzungumza

Waitaliano hawana “shikamoo”, lakini wana namna mbili za kusema “wewe”. Kwa rafiki, mtoto na mwenzako wa rika hutumika “tu”. Kwa mtu mzima usiyemjua, mwalimu, daktari na ofisa hutumika “Lei”, na kitenzi chake huwa kile cha “yeye”. Ndiyo maana “come stai?” ni u hali gani kwa rafiki, na “come sta?” ni swali hilohilo kwa mkubwa. “Scusa” humwomba radhi rafiki na “scusi” humwomba mtu wa heshima. Endelea na “Lei” mpaka mwenyewe aseme “possiamo darci del tu”, maana yake ni kwamba mnaweza kuachana na urasmi.

Pwani ya Kenya imezoea kumwambia kila Mtaliano “ciao”, na Malindi haimkasirishi mtu. Italia kwenyewe, “ciao” ni ya watu wanaojuana. Dukani na ofisini husemwa “buongiorno” mchana, “buonasera” kuanzia alasiri au jioni kwa kutegemea mkoa, na “arrivederci” wakati wa kuaga. “Salve” husaidia pale usipojua uchague ipi. Ukikaribishwa nyumbani kwa mtu, hata mlango ukiwa wazi, sema “permesso?” kabla ya kuvuka kizingiti; ni hodi kabisa, na jibu lake ni “avanti” au “prego”. Hiyo “prego” utaisikia kutwa, kwa kuwa hujibu “grazie” kama “karibu” yetu inavyojibu “asante”, tena hutumika kumpisha mtu na kumwalika aagize.

Hatua ya sita: tarakimu na saa

Hesabu kutoka uno hadi venti hazina njia ya mkato: uno, due, tre, quattro, cinque, sei, sette, otto, nove, dieci, undici, dodici, tredici, quattordici, quindici, sedici, diciassette, diciotto, diciannove, venti. Baada ya hapo kuna trenta, quaranta, cinquanta, sessanta, settanta, ottanta, novanta, cento. Sikiliza kwa makini “sessanta” na “settanta”, 60 na 70, ambazo hupishana kwa konsonanti mbili tu. Katika maandishi, mkato hutenga senti na nukta hutenga maelfu: kodi ya 1.200 ni elfu moja na mia mbili, na kahawa ya 1,20 ni yuro moja na senti ishirini.

Sasa saa. Mwitaliano huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, na ratiba zote za treni, ofisi na hospitali huandikwa kwa saa 24. Tumia kanuni hii: kuanzia 7 hadi 18, ondoa sita, kuanzia 19 hadi 24, ondoa kumi na nane, kuanzia 1 hadi 6, ongeza sita. Treni ya 15:10 huondoka saa tisa na dakika kumi alasiri, ya 20:15 huondoka saa mbili na robo usiku, na ya 5:30 huondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Hatari iko katika mazungumzo zaidi kuliko katika maandishi, kwa sababu mtu akikuambia “alle otto”, akili iliyozoea Kiswahili husikia nane na kufikiria mchana, ilhali ameahidi saa mbili. Rudia kwa kuuliza “di mattina o di sera?”, asubuhi au jioni. Tarehe nayo hubadilika usiku wa manane: treni ya 00:20 ya Jumanne ni ile ya usiku wa kuamkia Jumanne, na anayefika stesheni Jumanne usiku amechelewa siku nzima.

Siku za juma ni lunedì, martedì, mercoledì, giovedì, venerdì, sabato na domenica. Kwenye ratiba za mabasi utakuta “feriale” na “festivo”. La kwanza lina maana ya siku za kazi, ingawa linafanana na “ferie”, yaani likizo. La pili ni Jumapili na sikukuu.

Hatua ya saba: njiani, kituoni na kwenye kahawa

Stesheni ya treni ni “la stazione”, kituo cha basi ni “la fermata”, njia ambapo treni husimama ni “il binario”, na ubao mkubwa huonyesha “partenze” (zinazoondoka), “arrivi” (zinazofika) na “ritardo” (kuchelewa). Neno “sciopero”, mgomo, linafaa kujulikana mapema kuliko maneno mengi mazuri zaidi. Tiketi huombwa hivi: “un biglietto per Firenze, solo andata, per favore”, ya kwenda tu, au “andata e ritorno”, ya kwenda na kurudi. Tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa ni lazima igongwe muhuri katika mashine ndogo kabla ya kupanda, na kitendo hicho huitwa “convalidare”. Asiyefanya hivyo huweza kutozwa faini hata kama amelipa nauli. Tiketi za mabasi ya mjini huuzwa pia katika “tabaccheria”, duka lenye alama kubwa ya herufi T.

Kuuliza njia, anza na “scusi, dov'è...?” na usikilize “a destra” (kulia), “a sinistra” (kushoto) na “sempre dritto” (moja kwa moja). Usipofuata maelezo, sema “può ripetere più lentamente, per favore?”, unaweza kurudia polepole zaidi.

“Bar” ya Kiitaliano, tofauti na jina hilo linavyochukuliwa kwetu, asubuhi ni mahali pa kahawa na mikate. Katika nyingi hulipwa kwanza kwenye “cassa”, kisha risiti, “lo scontrino”, hupelekwa kwenye kaunta. Mazungumzo yenyewe huwa mafupi:

– Buongiorno. Un caffè e un cornetto, per favore.
– Al banco o al tavolo?
– Al banco, grazie. Quant'è?
– Due e ottanta.

Yaani mteja ameagiza kahawa na mkate mtamu wenye umbo la pembe, ameulizwa kama atakunywa akiwa amesimama kaunta au ameketi mezani, amechagua kaunta, na ameambiwa alipe 2,80. Swali la mhudumu lina pesa ndani yake, kwa kuwa katika miji mingi ya watalii bei ya mezani ni ya juu zaidi. Ukisema “un caffè” utaletewa kikombe kidogo cha kahawa kali. Ukisema “un latte” utaletewa maziwa matupu.

Asiyekula nguruwe aseme “non mangio carne di maiale” na aulize “c'è del maiale?” bila kuona haya, kwa sababu “prosciutto”, “pancetta” na “guanciale” kwa kawaida ni nguruwe na huingia katika vyakula vingi vya tambi bila kujitangaza. “Strutto” ni mafuta ya nguruwe, na hutumika katika baadhi ya mikate. Mwisho wa mlo omba “il conto, per favore”. Ukiona “coperto” katika hesabu, ni malipo ya kukalia meza na mkate.

Hatua ya nane: karatasi, jina na nyumba

Anayekwenda kukaa zaidi ya matembezi ataishi na msamiati wa ofisi. “Permesso di soggiorno” ni kibali cha ukaazi, na maombi yake hutakiwa ndani ya siku 8 za kazi tangu kuingia nchini. Kwa aina nyingi za vibali, fomu huchukuliwa na kurudishwa posta, “l'ufficio postale”, pamoja na stempu ya serikali iitwayo “marca da bollo”. Alama za vidole huchukuliwa baadaye “questura”, ambayo ni makao ya polisi. Ukiingia ofisi yoyote, tafuta mashine ya namba kabla ya kutafuta kiti, na asipokuwapo mtu wa kukuelekeza uliza “devo prendere il numero?”.

Katika fomu, “cognome” ni jina la ukoo na “nome” ni jina lako la kwanza. Usibadilishe nafasi zao hata mara moja, kwa sababu kutokana nayo huundwa “codice fiscale”, namba ya kodi yenye herufi na tarakimu 16, ambayo huulizwa katika mkataba wa nyumba, benki, hospitali na kwenye laini ya simu. Mwanamke aitwaye Asha Juma, aliyezaliwa tarehe 9 Machi 1998, namba yake itaanza na JMUSHA98C49: konsonanti za Juma na irabu ya kujazia, konsonanti za Asha na irabu yake, mwaka, herufi C ya Machi, kisha siku, ambayo kwa wanawake huongezewa 40. Ukijua inavyoundwa, utaweza kugundua kosa ukiwa bado dirishani.

Majina yetu yamejaa herufi ambazo si za alfabeti yao ya herufi 21, kwa hiyo jizoeze kuyataja: J ni “i lunga”, K ni “cappa”, W ni “doppia vu”, Y ni “ipsilon”. Herufi nyingine hutajwa kwa majina ya miji: “M come Milano, N come Napoli, R come Roma”. Anayeitwa Mwangi ataanza na “M come Milano, doppia vu, A come Ancona”, na karani atamshukuru.

Matangazo ya nyumba husema “affittasi”, inapangishwa. “Affitto” ni kodi, “cauzione” ni amana, “bollette” ni bili. Uliza “le spese sono incluse?”, gharama nyingine zimo ndani?, na “quando posso vedere la stanza?”, lini naweza kuona chumba.

Hatua ya tisa: afya na dharura

Namba ya dharura ni 112. Duka la dawa hutambulika kwa msalaba wa kijani. Ukiwa na maumivu, sema “ho mal di testa” (kichwa), “ho mal di stomaco” (tumbo) au “mi fa male qui”, nina maumivu hapa, huku ukionyesha. “Ho la febbre” ni nina homa. Idara ya dharura hospitalini ni “pronto soccorso”. Ukihitaji kupiga ukelele, ni “aiuto!”.

Hatua ya kumi: kuendelea na kupimwa

Nairobi ina Istituto Italiano di Cultura, taasisi ya utamaduni ya serikali ya Italia, inayofundisha lugha. Walioko Italia watafute CPIA, vituo vya umma vya elimu ya watu wazima, ambavyo huwafundisha wageni pia. Huko Naples, chuo kikuu cha L'Orientale kinafundisha Kiswahili, kwa hiyo anayeishi karibu anaweza kumpata mwanafunzi Mwitaliano anayetafuta mtu wa kubadilishana naye lugha, saa moja kwa saa moja.

Viwango vya lugha hupimwa kuanzia A1, cha chini kabisa, hadi C2, cha juu kabisa. Kibali cha ukaazi wa muda mrefu, kinachoombwa baada ya miaka 5, kwa kawaida hudai A2. Uraia, tangu 2018, hudai B1. Na vyuo vikuu vinavyofundisha kwa Kiitaliano mara nyingi hudai B2. Vyeti vinavyotambuliwa ni CILS cha Siena, CELI cha Perugia, PLIDA cha jumuiya ya Dante Alighieri na kile cha chuo kikuu cha Roma Tre. Kabla ya kulipa ada ya mtihani, iulize kwa maandishi ofisi itakayokipokea cheti kama inakikubali hicho unachokusudia na kwa kiwango kipi, kwa sababu cheti cha A2 hakitapokelewa mahali panapodaiwa B1, na mitihani hii haifanyiki kila mwezi katika kila kituo.